Majaji wa rufaa hawatamwona mtoto wako

(Haya ndiyo niliyoyasema Jumamosi kwenye mkutano wa wazazi hapa Ngamiani, Tanga. Waliokosa nafasi ya kukaa waliomba niyaandike, nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni.)

Assalaam alaykum, Bwana Yesu asifiwe, na wengine wote habari za mchana. Mwenyekiti wa mtaa nakushukuru, na nyie kina mama mlioacha sufuria jikoni mkaja na joto hili nawashukuru zaidi. Nawaona na walimu wa madrasa wamekuja, na mwalimu mkuu yuko pale nyuma kasimama, jamani mpeni kiti.

Mimi sio wakili wala hakimu. Nilikuwa mpiga chapa wa mahakama miaka 22 mpaka nilipostaafu. Hakimu anasikiliza kesi huku anaandika kwa mkono, kesi ikiisha na mtu akitaka kukata rufaa lile faili linakuja mezani kwangu, nachapa kila kitu kuanzia siku ya kwanza mshtakiwa aliposomewa shtaka mpaka hukumu, halafu kopi zinakwenda juu. Kesi za watoto kuharibiwa nimezichapa nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Zipo nyingine nilikuwa nachapa nasimama natoka nje napata hewa ndio narudi.

Nimeomba kuongea leo kwa sababu ya maneno ninayoyasikia barazani. Mtu kafungwa miaka 30 kwa kumbaka mtoto, mtaa mzima umefurahi, inapita miaka minne mitano watu wanamwona huyo kashuka kwenye daladala na mfuko wake wa rambo, katoka gereza la Maweni, yuko huru. Basi hapo kila mtu anasema jaji kahongwa. Na mama wa mtoto anajifungia ndani. Sasa mi siwezi kuapa kwamba hongo haipo duniani, ila nawaambia kitu nilichokiona kwa macho yangu kwenye karatasi, kwamba kesi nyingi zilizoanguka kwenye rufaa mi nilijua zitaanguka wakati nazichapa, kabla jaji hajaliona faili. Lilikuwa limetoboka huku huku chini, kwetu, mara nyingi kwenye zile siku tatu nne za mwanzo.

Tuanze na njia yenyewe maana wengi wanadhani rufaa ni kesi kuanza upya. Kesi ya kubaka inaanzia mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi. Akitiwa hatiani ana siku 10 za kutoa taarifa kwamba anakusudia kukata rufaa, na siku 45 za kuleta sababu zake, na zile siku anazosubiri kopi ya mwenendo, yaani yote yaliyoandikwa kesi ikisikilizwa, na ya hukumu hazihesabiwi. Aliye gerezani anapitishia kwa mkuu wa gereza. Rufaa ya kwanza inakwenda Mahakama Kuu, na hapa Tanga ipo. Akishindwa hapo anakwenda Mahakama ya Rufani, ile iliyoanzishwa 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika, majaji wake wanakaa watatu na wanakuja mpaka hapa kwa vikao. Hiyo ni haki yake, hata awe nani, hata kama wewe huwezi kumtazama usoni.

Na haki hiyo msiichukie, nitarudi hapo.

Sasa kule juu mtoto haitwi. Mama haitwi, dokta haitwi. Mashahidi hawasimami tena isipokuwa mara chache sana mahakama ikiona kuna ushahidi wa nyongeza unaohitajika. Jaji wa Mahakama Kuu kazi yake ni kuupitia ushahidi wote upya na kuupima mwenyewe, na majaji wa Rufani wao wanaangalia zaidi sheria, wakikuta mahakama mbili za chini zimekubaliana kwamba jambo lilitokea hawaligusi kirahisi. Ila wote hao wanasoma karatasi. Mtoto alilia kizimbani? Jaji haoni machozi. Alinyoosha kidole kumwonyesha mtu? Kama hakimu hakuandika kwamba alinyoosha, hakunyoosha. Ndio maana nasema majaji wa rufaa hawatamwona mtoto wako, wataona kile kilichoandikwa siku alipoongea, basi.

Na mtoto kwa kawaida anaongea mara moja. Sheria yetu inakubali neno la mtoto peke yake liweze kumtia mtu hatiani kwenye kesi za namna hii, bila shahidi mwingine, kama mahakama imeridhika kwamba anasema kweli na ikaandika sababu zake. Na kuna uamuzi wa Mahakama ya Rufani ulioripotiwa mwaka 2006, unatajwa kwenye karibu kila hukumu niliyoichapa, unaosema ushahidi wa kweli wa kubakwa unatoka kwa aliyebakwa mwenyewe. Kwa hiyo kila kitu kinamlalia huyo mtoto. Ushahidi wake ukisimama kesi imesimama. Ukitolewa, mara nyingi hakibaki kitu cha maana.

Nitawasimulia faili moja. Nimebadilisha mambo ya pembeni ili asijulikane mtu, na mahakama siitaji. Mtoto wa kike, darasa la pili. Mwaka 2016 sheria ya ushahidi ilibadilishwa, zamani hakimu alikuwa anamhoji mtoto kwanza kuona kama anaelewa kiapo na kama ana akili ya kutosha, ikawa inaleta matatizo mengi, sasa mabadiliko yakasema mtoto wa miaka isiyozidi 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo ila kwanza aahidi kusema ukweli na sio uongo. Ni sentensi moja tu. Hakimu anamuuliza vijiswali, una miaka mingapi, unasoma wapi, kusema uongo ni vizuri au vibaya, halafu mtoto anasema naahidi kusema ukweli na sitasema uongo, inaandikwa vile vile, ndio ushahidi unaanza.

Nilikuwa nachapa jioni, ofisi wameshaondoka wote, karatasi za fulskepu mwandiko wa kalamu ya bluu. Nikafika shahidi wa kwanza. Jina la mtoto, umri, dini, shule. Halafu moja kwa moja, "siku hiyo mama alinituma dukani". Nikarudi juu. Nikageuza karatasi nyuma labda imeandikwa nyuma. Nikatafuta karatasi iliyochomoka, nikashusha faili zima nikahesabu kurasa kwa kidole. Ahadi haikuwepo. Labda mtoto aliahidi, mi naamini aliahidi, maana hakimu yule alikuwa mtu makini, labda siku hiyo alikuwa na kesi kumi na tano mezani. Haikuandikwa.

Nilikaa pale mikono iko juu ya kibodi. Mstari mmoja. Hakuna ambaye angejua, maneno machache tu. Nina binti, wakati huo alikuwa rika moja na yule mtoto. Lakini nikiongeza leo mstari wa kumfunga mtu, kesho mwingine ataongeza mstari wa kumfunga mwanangu wa kiume, na rekodi ya mahakama ikishachezewa hata mara moja haina thamani kwa yeyote, hata kwa mtoto. Nikachapa kama ilivyo.

Ikaenda juu. Mahakama ikasema ushahidi wa mtoto ulipokelewa kinyume cha sheria, ukafutwa kwenye kumbukumbu. Waliobaki ni mama ambaye alisimuliwa, na dokta ambaye aliona mtoto kaumizwa ila hawezi kujua nani kamuumiza. Hatia ikatenguliwa, adhabu ikaondolewa, aachiwe mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Hayo maneno ya mwisho yapo kwenye kila hukumu ya aina hiyo, nayajua kama alhamdu.

Mama yake akaja dirishani kwetu kachukua kopi ya hukumu, hajui Kiingereza, akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Akaniuliza, "Kwa hiyo dada, wamesema mwanangu kadanganya?" Nikamwambia hapana mama, hakuna mstari hata mmoja hapa uliosema mtoto kadanganya. Kufutwa sio kuambiwa muongo. Akanikazia macho. Akasema, "Sasa nikamwambieje?" Hilo swali sikuwa na jibu lake siku ile.

Sasa mtasema kosa hilo la mahakama sisi wazazi tunahusikaje. Kweli lile sio lenu. Ila mzazi, mwalimu, afisa ustawi wa jamii, mkimsindikiza mtoto mwambieni mwendesha mashtaka kwa adabu kabisa, mtoto wangu ataahidi kabla ya kuanza? Mnayo haki ya kuuliza. Na makosa mengine ndio yetu kabisa, hayo nayasema bila kuzunguka.

La kwanza ni lugha. Sisi watu wa pwani tumelelewa na staha, kuna maneno mtoto wa Tanga hayatamki mbele ya watu wazima hata umchape. Mtoto anasimama anasema "alinifanyia tabia mbaya". Sisi wote hapa tumeelewa. Lakini hakimu miaka ile alikuwa anasikia Kiswahili anaandika Kiingereza, na nilichokuwa nakikuta kwenye karatasi ukikirudisha Kiswahili ni kama "alinikosea adabu". Kukosewa adabu! Mtu anaweza kukukosea adabu kwa kutokusalimia. Sheria inataka ithibitike kwamba kuingiliwa kulitokea, hata iwe kidogo kiasi gani, na neno "alinibaka" peke yake halitoshi. Mahakama ya Rufani imeshasema kwenye hukumu zaidi ya moja kwamba lugha ya mtoto ieleweke kwa umri wake na malezi yake na mila zake, wamekubali maneno ya kuficha ficha pale ambapo maelezo yanayozunguka yanajitosheleza. Pale ambapo hayajitoshelezi kesi inayumba. Tangu 2021 Kiswahili ndio lugha ya sheria na mahakama, mi naona hilo limeokoa watoto wengi, maneno yao yabaki kama walivyoyasema. Lakini bado nawaomba kina mama, na nyie masheikh na wachungaji, mfundisheni mtoto majina ya viungo vyake vya mwili. Mtoto anayejua kusema kiungo gani kilifanywa nini hajakosa adabu, huyo ana ulinzi. Na kesi hizi ushahidi wa mtoto unatolewa faragha, hamna watu wa kuchungulia, muelezeni hilo mapema asiogope.

La pili umri. Hili linaniuma kwa sababu ni rahisi mno. Chini ya miaka 18 haijalishi binti alikubali au hakukubali, ni kubaka, na adhabu haipungui miaka 30. Chini ya miaka 10 ni maisha. Kwa hiyo umri sio habari ya pembeni, ndio kosa lenyewe. Na ule umri hakimu anaouandika juu ya ukurasa kabla mtoto hajaanza kuongea sio ushahidi, ni utambulisho tu. Lazima mtu aseme akiwa anatoa ushahidi, mtoto mwenyewe, au mzazi, ndugu, mwalimu, dokta, au iletwe cheti cha kuzaliwa. Nimechapa faili mashahidi watano wamepita, baba kaongea kurasa mbili kuhusu jinsi alivyomkamata mtu na kumpeleka serikali ya mtaa, na hakuna hata mmoja aliyesema mtoto kazaliwa lini. Kifungo cha maisha kikashushwa kwa sababu haikuthibitika alikuwa chini ya 10. Na kinyume chake pia nimekiona, mtu kakata rufaa ya miaka 30, juu wakaona mtoto alikuwa na miaka saba na imethibitika, wakampa maisha. Kadi ya kliniki iko wapi nyumbani kwako? Usinijibu mimi, ukifika nyumbani itafute uiweke pamoja na vyeti.

La tatu tarehe. Mnakwenda polisi mna hasira na kilio, mnaulizwa lini, mnasema "kama wiki jana hivi, tarehe 7", inaandikwa, inaingia kwenye chaji shiti, yaani hati ya mashtaka. Mahakamani mtoto anasema ilikuwa siku ya mnada, mama anasema tarehe 17, na hakuna aliyeibadilisha hati ya mashtaka. Kule juu wanauliza, huyu mshtakiwa alijitetea kwa siku ipi? Kama hukumbuki tarehe sema hukumbuki, sema ilikuwa kabla ya Maulidi, au siku ile mvua ilipoezua paa, kuliko kubuni.

Na mtajeni mtu mapema. Mahakama zinapima sana kama mtoto alimtaja muhusika kwa mtu wa kwanza aliyemwambia, siku ile ile. Kwa hiyo wewe mtu wa kwanza ndio shahidi, shangazi, mwalimu, mama wa jirani, usimlishe maneno mtoto, usimuulize "ni fulani eeh?", muulize nani, akitaja kumbuka alivyotaja. Halafu usimwogeshe, nguo alizovaa usifue, zifunge kwenye mfuko wa karatasi. Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi, fomu ya PF3 wanayokupa polisi uende nayo kwa dokta, hospitali, na usisubiri kesho maana dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinatakiwa ndani ya saa 72. Hujui pa kuanzia piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure. Hiyo PF3 yenyewe ikishapokelewa mahakamani inatakiwa isomwe kwa sauti mshtakiwa aisikie, isiposomwa nayo inafutwa juu, ingawa maneno ya dokta aliyoyasema kwa mdomo yanabaki. Ndio maana dokta aje, isije fomu peke yake.

Sasa la kumalizana. Jamani. Najua tunavyoishi, mkosaji ni mjomba, ni mtoto wa baba mkubwa, wazee wanakaa jamvini wanasema tusitiri familia, inatolewa hela, inatolewa mbuzi. Kesi ya jinai ni ya Jamhuri, yaani ya serikali, mzazi huna mamlaka ya kuifuta. Unachoweza ni kumficha shahidi, na wengi wanafanya, mtoto anapelekwa Handeni kwa bibi, kesi inaahirishwa inaahirishwa mwisho inafutwa kwa kukosa mashahidi. Nimechapa faili ambalo mama alikubaliana na familia, akachukua hela, halafu hawakummalizia, ndio akarudi polisi baada ya miezi. Wakili wa mshtakiwa alimuuliza swali moja tu, "Wangekumalizia hela ungekuja hapa?" Akajibu ukweli. Ule ukweli wake ulisomwa na majaji wote kule juu, na mtoto hakuwa na kosa lolote.

Nilisema nitarudi kwenye haki ya rufaa. Kuna kijana mmoja mwendesha baiskeli za mizigo, miaka ishirini na kidogo, alikaa Maweni miaka sita. Nilipochapa mwenendo wake nilisita. Jina lake lilitajwa baada ya wiki mbili, mtoto kwanza alisema hamjui aliyemfanyia, halafu katikati ya faili kidogo kidogo unakutana na ugomvi wa mpaka wa kiwanja kati ya baba zao. Hakimu hakuligusa kabisa kwenye hukumu. Jaji wa juu aliligusa, na kijana akatoka. Alikuja kuchukua kopi yake mwenyewe, mikono inamtetemeka, akauliza kama ile karatasi anaweza kuwaonyesha watu mtaani kwao. Nikamwambia waonyeshe. Sijui kama walimsikiliza, maana kuna makosa ambayo ukishatajwa nayo hata ukisafishwa watu wanakuvutia watoto wao ndani ukipita. Bila rufaa yule angezeekea mle. Na yule aliyemuumiza yule mtoto, kama aliumizwa, hajatafutwa mpaka leo. Kwa hiyo mtoto pia alidhulumiwa.

Mwisho nijibu maswali mawili niliyoulizwa, nayaandika maana ni ya wengi.

Baba mmoja aliuliza, mahakama ya chini ikimwachia mtu na mimi sijaridhika, nikate rufaa wapi? Wewe mwenyewe huwezi, anayekata ni Mkurugenzi wa Mashtaka, DPP. Naye ana siku zake zinahesabika, kwa hiyo usikae nyumbani unalaani, nenda ofisi ya mashtaka wiki hiyo hiyo, uliza kwa utaratibu wanakusudia kukata au hawakusudii.

Na dada mmoja pale mbele, kabeba mtoto mgongoni, aliuliza kwa sauti ndogo sana, je wakisema kesi isikilizwe upya mtoto ataitwa tena? Ndio mwanangu, ataitwa. Mahakama ya juu ikiona kesi ya kwanza iliharibika kisheria inaweza kufuta mwenendo wote na kuamuru ianze upya, ingawa hawaamuru hivyo kama ni kuwapa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yao. Nimewaona waliorudishwa. Mmoja alitoa ushahidi mara ya kwanza akiwa na miaka nane, miguu haifiki chini kwenye kiti. Aliporudi alikuwa kidato cha pili, kavaa yunifomu, kaja na shangazi yake maana mama alishafariki. Akapita dirishani kwangu akaniuliza chumba ni kipi. Nikamwonyesha. Akaniuliza tena, "Safari hii wataandika vizuri?"

Nikamshika mkono nikampeleka mpaka mlangoni.